Aliyeondoka Ndiye Aliyeimba

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lindi mjini na ninauza vitambaa. Tangu nikiwa darasa la tatu nimekuwa mpenzi wa mtunzi mmoja wa muziki wa dansi ambaye sasa ni marehemu. Naomba jina lake na jina la wimbo nitakaoueleza visichapishwe, kwa kuwa wanawe wako hai na jambo lenyewe linagusa watu. Nyimbo zake karibu zote nimeziandika kwa mkono katika daftari. Wengine humpenda kwa sauti au kwa magita ya bendi yake, lakini mimi nilimpendea usimulizi, kwa sababu katika nyimbo zake mtu ana safari, ana deni, ana mkwe asiyemtaka, na ukifika mwisho unajua yaliyompata.

Katika wimbo mmoja, mwanamume anaeleza jinsi alivyopanda meli katika mji wa pwani ya Kusini, akamwacha mkewe gatini akiwa mjamzito, akamwahidi kwamba atarudi korosho zitakapoanza kudondoka. Hakurudi. Anaimba akiwa Dar es Salaam, umri umekwenda, anajuta, na anauliza kama mtoto yule alizaliwa wa kike au wa kiume.

Baba yangu aliondoka Lindi kwa meli mwaka 1975, mama akiwa na mimba yangu, na hatukumwona tena. Tangu utotoni nimeamini kwamba mtunzi alikutana na baba huko mjini, akamsikiliza, kisha akautunga wimbo. Kaka yangu ananicheka. Anasema wanaume walioondoka Kusini kwa meli miaka ile hawana idadi, na kila mmoja aliacha mtu gatini. Mama yu hai, ni mtu mzima sana sasa, na wimbo huo ukipigwa redioni huinuka akaenda uani bila kusema neno. Naomba kujua: je, watunzi wa zamani walitunga habari za watu wa kweli? Je, niwatafute jamaa wa mtunzi ili niwaulize? Na je, ni upuuzi kwa mtu wa umri wangu kushikamana hivi na mtu ambaye sikuwahi kumwona?
Binti wa Gatini, Lindi

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali lako la mwisho halinipi shida: si upuuzi, na asiyewahi kuusikia wimbo ukimtaja bila kumtaja ana haki ya kushangaa, lakini hana haki ya kucheka.

Kuhusu watu wa kweli, jibu ni ndiyo, tena tangu zamani. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kule Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, aliimba habari za Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatorokea bara, huku walioishia kuadhibiwa wakiwa wanawake waliokuwa mashahidi. Watu wa Unguja waliijua kesi hiyo kabla ya kuusikia wimbo. Vivyo hivyo, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walimwombolezea kwa wimbo Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971, na wala hawakulificha jina lake.

Hizo, hata hivyo, zilikuwa habari ambazo tayari zilikuwa midomoni mwa watu wote. Habari za ndani ya nyumba zilikuwa na njia nyingine. Bendi nyingi za wakati ule zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kabla ya kurekodi mashairi yalikaguliwa. Mtunzi aliyetaka kusimulia aibu ya jirani yake alikuwa na sababu mbili za kuifunika: mkaguzi wa redio na jirani mwenyewe. Basi alibadilisha jina, akauhamisha mji, akachanganya visa vya watu wawili kuwa kimoja, na mara nyingi akauimba mkasa wa mwenzake kwa kusema ‘mimi’, kama ilivyo desturi ya dansi hadi leo. Kwa hiyo haiwezekani kumjua mtu halisi kwa kuusikiliza wimbo peke yake, hata kama yupo.

Hapo kaka yako ana hoja, na ninakuomba uikubali. Mambo mawili yanayokufanya uamini kwamba wimbo ni wa baba yako, yaani meli na korosho, ndiyo yaliyokuwa ya kila mtu wa Kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, abiria wa barabara walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea barabara yenyewe ilikuwa haipitiki, kiasi kwamba kwa mtu wa Lindi, Kilwa au Mtwara bahari ndiyo iliyokuwa njia ya kutegemewa. Na ahadi ya kurudi msimu wa korosho ni ahadi ambayo kila mdaiwa na kila mchumba wa huku ameitoa, kwa kuwa ndio wakati ambapo fedha huonekana mikononi.

Lakini hoja ya kaka yako inaishia hapo, nami sidhani kama yeye mwenyewe ameona inapoishia. Kama wanaume walioondoka ni wengi, mtunzi angeweza kusema tu kwamba aliondoka, akamwacha mke, akajuta, na sisi sote tungeusahau wimbo kabla santuri haijamaliza kuzunguka. Yeye alichagua vitu vichache vinavyoshikika. Msikilizaji wa Mwanza anaposikia korosho zinaanza kudondoka husikia ahadi tu, bali msikilizaji wa Lindi huanza kuhesabu: meli iliondoka lini, Septemba au Oktoba ni miezi mingapi kutoka hapo, na mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Mtunzi hakuitaja hesabu hiyo. Amekuachia uifanye mwenyewe, na ukishaifanya, hadithi inakuwa imeingia nyumbani kwako kwa miguu yako. Ndiyo maana nasema kaka yako ana haki kuhusu ushahidi lakini amekosea kuhusu jambo lenyewe. Mwanamume yule anauliza redioni kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, na miaka yote hiyo wewe ndiye unayeinua mkono kujibu. Hata kama swali hilo liliulizwa na baba wa mtu mwingine, jibu lako ni la kweli.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza. Uangalie tena wimbo wako, uone ni nani anayeimba. Ni aliyeondoka. Yeye ndiye aliyepewa sauti, majuto, gita la kumliza msikilizaji, na dakika zote za santuri. Mke yuko gatini katika ubeti wa kwanza, na kwa jinsi ulivyonieleza, hatumwoni tena baada ya hapo. Hatuambiwi alirudije nyumbani siku ile, wala nani alimsaidia kuokota korosho mwaka ule, wala mkunga alikuwa nani. Mtunzi wako hodari amempa mume wimbo mzima, mke hakumpa hata kiitikio. Simlaumu sana, kwa kuwa alikuwa mwanamume akizungumza na wanaume wenzake katika kumbi zilizojaa wanaume waliotoka mikoani, na walihitaji mtu wa kuyasema makosa yao. Lakini wewe ni mtoto wa yule aliyebaki, na umelipenda kwa miaka mingi simulizi la yule aliyekwenda.

Ndipo ninapomfikiria mama yako anapoinuka kwenda uani. Wewe unadhani ni uchungu wa kukumbuka, na huenda ndivyo. Huenda pia ni hasira ya mtu anayesikia kisa chake kikisimuliwa nusu, huku bintiye akikiimba nusu hiyo kwa moyo wote. Wanawake wa huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, wana hazina yao ya kuwasema wanaume, na waliopitia unyago wanazijua nyimbo za namna hiyo, ingawa si za kuandikwa gazetini. Ninachotaka kusema ni kwamba mama yako hakukosa maneno. Yamkini hakuulizwa.

Basi kabla ya kuwatafuta jamaa wa mtunzi, kaa na mama. Usimwulize kama wimbo ule ni wa baba, kwa kuwa hilo ni swali la kujibiwa kwa ndiyo au hapana, na yeye huenda hajui zaidi yako. Mwulize siku ile walifika gatini na nani. Mwulize alikula nini masika yaliyofuata, kama ni muhogo au ming'oko ya porini, na ni nani aliyekupa jina lako. Mkono usiwe na daftari siku ya kwanza. Akikataa, muache, akisema, usimkatishe kwa kumkumbusha wimbo unavyosema. Na ikitokea kwamba anachokumbuka hakifanani hata kidogo na wimbo, mwamini yeye.

Ukitaka baadaye kuwaendea wana wa mtunzi, nenda kama mpenzi wa kazi ya baba yao, uwaeleze kwamba alikufundisha kusikiliza, uwape pole, uondoke. Usiwapelekee madai. Hawana jibu la kukupa, na neno moja lililosemwa vibaya kuhusu marehemu na mke wa mtu wa Lindi linaweza kuwaletea msiba usio wao.

SWALI: Mimi ni kijana wa Masasi, natunga mashairi ya kufokafoka. Aliyenivutia ni Professor Jay kwa jinsi anavyosimulia. Nataka kumwimba babu yangu mzaa baba, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza kule Nachingwea. Nimeshaandika beti nyingi, lakini wenzangu wanasema hazina hadithi, ni sifa tupu. Nifanyeje?
Mjukuu, Masasi

JIBU: Wenzako wana masikio mazuri. Beti ulizonitumia zinasema babu alikuwa shujaa, mchapakazi na mzalendo, na maneno hayo yangemfaa babu wa mtu yeyote. Usikilize tena ‘Ndiyo Mzee’ ya huyo unayempenda. Haelezi kwamba wanasiasa ni waongo. Anamweka mgombea mbele ya watu, anamwacha aahidi, na watu wanaitikia, basi sisi wenyewe tunamhukumu.

Babu yako ana mkasa uliokamilika. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947, ukafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaletewa matrekta na kujengewa bandari Mtwara na reli ya kwenda bara, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikautelekeza baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, karanga zenyewe zikiwa haba. Hata reli ile haikudumu. Anza na siku ambayo babu aliambiwa kazi imekwisha. Alikuwa na nini mkononi? Alirudije Masasi, kwa lori au kwa miguu? Kama yu hai, ana majibu. Kama amefariki, bibi au mashangazi wanayo. Jina lake litaje kama wazee wa ukoo wameridhia, na uwasomee beti zote kabla hujaingia studio.

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya Newala. Wanafunzi wangu wanapenda nyimbo za zamani zenye visa, nami nimekusanya maneno ya nyimbo kadhaa za Mbaraka Mwinshehe. Ninataka kuyachapa kama kijitabu na kukiuza kwa bei ndogo ili kufidia gharama za karatasi. Je, kuna kosa, maadamu mtunzi alishafariki?
Mwalimu, Newala

JIBU: Mwalimu, kuyajadili mashairi hayo darasani ni kazi yako, nami ningependa kuwa mwanafunzi wako siku hiyo. Kuyachapa kijitabu na kukiuza ni jambo jingine, hata kama bei ni ndogo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari mwaka 1979, kwa hiyo haki zake zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029, na hadi hapo wenye haki ni warithi wake. Waandikie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uwatajie nyimbo unazozitaka na idadi ya nakala, uombe waelekeze kibali kinapatikana kwa nani. Wakati unasubiri, waambie wanafunzi wayaandike mashairi wenyewe kwa kusikiliza. Watabishana kuhusu neno hili na lile, watarudisha kanda nyuma mara kwa mara, na watakuwa wameusikia wimbo vizuri kuliko wangekabidhiwa karatasi iliyochapwa.