Matsue: tuanze na ngome au makumbusho?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao mimi na mke wangu tutapita Matsue, magharibi mwa Japani, kwa siku moja tu. Nia yetu ni kupanda ngome yake. Rafiki yetu anasisitiza tusiyapite Makumbusho ya Historia ya Matsue yaliyo jirani, lakini hatusomi Kijapani na tunahofia kupoteza muda. Je, yana faida kwetu?

JIBU: Ndugu msomaji, faida ipo, tena kubwa, ila nawasihi muanze na makumbusho kabla ya ngome. Anayepanda ngome kwanza huona kuta za mbao nyeusi, ngazi zilizosimama wima na Ziwa Shinji kwa mbali, asijue kwamba mji ulio chini yake ulitengenezwa kwa jembe. Horio Yoshiharu, aliyeanza ujenzi mwaka 1607, alikata kilima upande wa kaskazini ili apitishe handaki la maji, na udongo uliochimbwa ukafukia kinamasi, mji ukajengwa juu yake. Mambo hayo hayahitaji Kijapani: simameni mbele ya ramani za kale, mfuate mahandaki kwa macho, kisha mkitoka nje mtayakuta yangali na maji, na mashua za wageni zikipita humo.

Lakini kisa ambacho mimi sichoki kukisimulia ni cha mbao mbili za maombi, yaani mbao zenye maandishi ya dua zilizopigiliwa misumari kwenye nguzo za jengo. Mwaka 1875 ngome ilikaribia kubomolewa, kwa kuwa mnara wake mkuu ulikuwa umeuzwa kwa yeni 180 tu, na wenyeji ndio waliochanga fedha wakauokoa. Hata hivyo, kwa miaka mingi ulikosekana ushahidi wa maandishi wa lini hasa ulikamilika. Mwaka 2012 mbao hizo zilipatikana katika hekalu la Matsue, zikiwa na tarehe ya mwaka 1611, na zilipopelekwa ngomeni, matundu yake ya misumari yalilingana sawasawa na matundu yaliyomo katika nguzo mbili za orofa ya chini. Kwa ushahidi huo, mwaka 2015 mnara ulitangazwa kuwa hazina ya taifa.

Chai nayo msiikose, kwani Matsudaira Harusato, bwana wa saba wa ukoo uliotawala hapo, alikuwa bingwa wa sanaa ya chai, na vitamutamu vya Matsue vinasifika hadi leo. Hakikisheni mapema siku ya kufungwa, maana makumbusho mengi ya Japani hufunga siku moja kwa juma. Vaeni soksi nzuri, kwa sababu ndani ya mnara viatu huvuliwa. Na mkiingia, msikimbilie ghorofani. Tafuteni kwanza zile nguzo mbili huko chini.