Re: Solo inamezwa, rithimu inamfunika mwimbaji

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: ukipiga rithimu gitaa linasikika vizuri, ukiingia kwenye solo linamezwa na bendi. Ukipandisha ampu (kikuza sauti cha gitaa), ukirudi kwenye kodi za rithimu unamfunika mwimbaji.

Kabla hujanunua pedali (kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa), anza na volyumu ya gitaa lenyewe. Panga sauti ya solo kwanza kwenye ampu, volyumu ya gitaa ikiwa 10 na bendi nzima ikipiga, kisha shusha hadi 6 au 7. Hiyo ndiyo rithimu yako. Mimi nilifanya kinyume kwa miaka: rithimu naipanga kwenye 10, halafu solo haina pa kupandia. Ukishusha ukaona sauti imepoteza makali, fundi anaweza kuunga kapasita ndogo (kijenzi cha umeme kinachopitisha sauti nyembamba) kwenye volyumu. Ni kazi ya muda mfupi.

Halafu midi, yaani sauti za kati, kati ya nzito na nyembamba. Hapa ndipo wengi tunapokosea! Ukiwa peke yako chumbani, gitaa lililokatwa midi linapendeza sana, lakini kwenye bendi chini kuna besi na juu kuna matasa ya dramu, kwa hiyo nafasi yako ni katikati. Rudisha midi, punguza besi (sauti nzito) ya gitaa lako, na disto (ule ukwaruzo wa sauti) ishushe kuliko unavyotamani, maana ikizidi inabana sauti na noti hazichomozi.

Ukiamua kutumia pedali ya busta (ya kuongeza nguvu ya sauti), iweke baada ya disto. Ikikaa kabla yake, itaongeza ukwaruzo zaidi kuliko sauti. Kama disto unaitoa kwenye ampu yenyewe, busta iingie kwenye lupu ya efekti, yaani matundu ya ampu ya kuunga pedali baada ya sehemu inayotengeneza disto.

Jaribu kwenye mazoezi yajayo, utuambie.