Binti wa darasa la tano na shule ya bweni Moshi

Dada, umeuliza kama shule ile ya bweni ya Moshi inamfaa binti yako anayeingia darasa la tano. Kwa umri hana kizuizi. Katazo la serikali la 2023 la kuweka watoto wadogo bweni liliishia darasa la nne. Ila ufaulu wao usikupumbaze. Nenda siku ya kawaida, siyo siku ya wazazi wakati kila kitu kimepigwa deki, ukague vyoo, maji na bweni lenyewe. Muulize matroni analala wapi, na mtoto akishikwa na homa usiku wa manane nani anampeleka hospitali. Akianza kuzungukazunguka, mimi ningeondoka na ada yangu. Halafu binti mwenyewe anasemaje? Hilo hukuliandika.