Muulize Fundi wa Picha: Namba za Kitabuni Zinagoma Kwenye Picha Zangu

SWALI: Fundi, shikamoo. Najifunza kuhariri picha peke yangu kwa kutumia kitabu kinene cha mazoezi alichoniachia binamu yangu. Kiliandikwa kwa ajili ya Photoshop ya zamani sana. Picha za mazoezi zilizokuja na kitabu zinatoka vizuri, karibu sawa na zilivyochapishwa. Lakini nikichukua picha niliyopiga mwenyewe nikaweka namba zile zile, uso unakuwa wa rangi ya chungwa na mawingu yanapotea kabisa. Tena menyu nyingi hazipo pale kitabu kinaposema. Je, nikiweke kando nifuate video tu? – Mwanafunzi asiye na mwalimu

JIBU: Marahaba. Usikiweke kando. Badilisha namna unavyokisoma.

Mwandishi anapokwambia usogeze kitelezi hadi 35, ameshaitazama picha ile, ameona kasoro yake, kisha akapima. Namba unayoisoma ni dozi ya mgonjwa mwingine. Vitabu vingi vya mazoezi vinaandika dozi na kusahau kuandika ugonjwa, na hapo ndipo wanaojifunza peke yao wanapokwama.

Tuanze na huo uso wa chungwa. Nadhani picha ya zoezi ilipigwa kivulini au siku ya mawingu. Mwanga wa namna hiyo una ubluu mwingi, mara nyingi kupita Kelvin 6,500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda unaelekea bluu, ikishuka unaelekea njano), kwa hiyo mwandishi aliongeza joto la rangi ili ngozi irudie uhai. Yako huenda uliipiga ndani, chini ya balbu ya zamani ya waya unaowaka, ambayo iko karibu na Kelvin 2,800, na ngozi ilikuwa imeshaelemea njano kabla hujagusa chochote. Umeongeza joto juu ya joto.

Mawingu nayo yana sababu yake. Katika picha ya biti 8, kila mkondo wa rangi (nyekundu, kijani, bluu) una ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Picha ya zoezi pengine ilikuwa imefifia, sehemu yake angavu kabisa ikiishia kwenye 200 hivi, kwa hiyo ilikuwa na nafasi ya kupanda. Mawingu yako yalikuwa yameshafika 240 na zaidi. Ukiyasukuma juu, pikseli zote (nukta ndogo zinazounda picha) zinagonga 255 na kubanana hapo: zote nyeupe, hakuna umbo, hakuna kingo. Ukihifadhi hivyo na kufunga faili, hakuna kitelezi kitakachoyarudisha. Dawa yake iko kwenye zana ya mstari unaopindwa (Curves), ile inayoanza na mshazari kutoka kona ya chini kushoto hadi juu kulia. Tia nukta sehemu ya juu ya mstari ili kuyashikilia mawingu, halafu inua taratibu sehemu ya chini na ya katikati. Uso utapata mwanga na mawingu yatabaki mahali pake. Sura ya zana hiyo isome polepole kuliko nyingine zote. Mimi nikinyang'anywa zana zote nikaachiwa moja, nitachagua hiyo.

Sasa namna ya kusoma. Kabla ya kugusa hatua yoyote ya zoezi, fungua picha na uzifunike hatua za kitabu kwa karatasi. Jiulize, na uandike: sehemu gani angavu inapaswa kubaki na umbo? Kivuli gani kimejifunga mno? Rangi inaelemea wapi? Jicho la mtazamaji liende wapi kwanza? Rangi usiikadirie kwa macho tu, maana macho yanazoea haraka. Tumia zana ya kusoma namba za pikseli, iweke juu ya kitu unachojua ni cheupe au cha kijivu, kama shati au ukurasa wa daftari. Namba tatu zikilingana, hakuna mwelemeo. Ukisoma nyekundu 210, kijani 190, bluu 160, hilo ndilo chungwa lako, limekaa pale kwa tarakimu.

Ukimaliza, funua hatua za mwandishi, ulinganishe alichokiona yeye na ulichokiona wewe. Kila penye namba, andika pembeni kwa penseli sababu yake: “vivuli vimejifunga”, “ngozi ni ya bluu”, “ukuta wa nyuma unavuta jicho”. Kitabu kikijaa maandishi yako, hapo kimeanza kukufundisha. Kisha chukua picha zako mwenyewe zenye shida tofauti: moja ya giza, moja iliyoungua kwa mwanga, moja yenye mwelemeo wa rangi. Zifanyie kazi kwa kufuata sababu, na namba uzitafute mwenyewe. Kesho yake rudia kitabu kikiwa kimefungwa.

Kuhusu uzee wa kitabu, usihofu sana. Photoshop ilitoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Leya, yaani tabaka zinazopangwa moja juu ya nyingine, zilikuja na toleo la 3 mwaka 1994, leya za marekebisho (zinazobadilisha rangi au mwanga bila kuigusa picha iliyo chini) zikafuata na toleo la 4 mwaka 1996, na ile brashi ya kuponya madoa ikaja na toleo la 7 mwaka 2002. Leya, maski (kifuniko kinachoamua marekebisho yaguse sehemu gani), histogramu (grafu ya pikseli ngapi ziko kwenye kila ngazi ya mwanga) na mstari wa kupindwa vinafanya kazi leo kwa mantiki ile ile. Kilichohama ni menyu na sura za vitufe. Programu nyingi za sasa zina kisanduku cha kutafutia amri. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kwa mfano, bonyeza kitufe cha mkwaju (/) uandike jina la unachokitaka.

Maarifa yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Mimi nilianzia kwenye chumba cha giza, pale picha za filamu zinapochapwa kwenye karatasi inayozidi kuwa nyeusi kadiri inavyopata mwanga. Nilikuwa nakata kiduara cha karatasi ngumu, nakifunga kwenye waya, nakipitisha chini ya taa ya mashine ya kukuzia ili uso upate mwanga pungufu na utoke mweupe zaidi kwenye karatasi. Pembe za picha nilizizidishia mwanga ili ziwe nyeusi. Zana mbili za kung'arisha na kutia giza unazoziona kwenye programu yako zinafanya kazi hiyo hiyo. Hata unoaji wa picha ulianzia huko: mafundi walitengeneza nakala chanya yenye ukungu kutoka kwenye negativu, wakaiunganisha na negativu yenyewe, na kingo zikatoka kali. Karibu na mwaka 1940 wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer walipanga utaratibu wa kugawa picha katika kanda, kutoka nyeusi tii hadi nyeupe pe, ili mpiga picha aamue mapema kila sehemu iangukie wapi. Ukitazama histogramu na kujiuliza “huu uso nautaka ngazi gani?”, unafanya uamuzi ule ule.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye kitabu cha zamani. La kwanza, kinaweza kukuagiza urekebishe picha ya msingi moja kwa moja na kuihifadhi juu ya ile ya awali. Usifanye hivyo. Kila kinaposema chagua amri fulani ya rangi au mwangaza, wewe weka leya ya marekebisho ya aina hiyo hiyo juu ya picha. Matokeo ni yale yale, na unaweza kurudi mwezi ujao ukapunguza. La pili ni amri ya Mwangaza na Kontrasti. Kabla ya toleo la CS3 la mwaka 2007, kuongeza mwangaza kulizisukuma pikseli zote juu kwa kiasi kimoja, bila huruma kwa zilizokuwa karibu na 255. Tangu toleo hilo amri imebadilishwa ili ilinde sehemu angavu kabisa na nyeusi kabisa. Kwa hiyo 30 ya kitabu chako na 30 ya programu yako si kitu kimoja, hata kama jina la amri halijabadilika.

Video zina faida yake, sizikatai. Kazi za brashi, kama kusafisha ngozi au kuchora maski kuzunguka nywele, zinaeleweka upesi ukiuona mkono ukitembea. Ila kwenye mwanga na rangi nakushauri ubaki na kitabu. Sentensi inakaa pale pale hadi uielewe, na hakuna mtu anayekuharakisha kwenda hatua inayofuata.

SWALI: Fundi, nina vitabu vitano vya kuhariri picha, vyote nimevianza na hakuna nilichokimaliza. Nianze na kipi, na je, lazima nisome kuanzia sura ya kwanza? – Aliyechanganyikiwa

JIBU: Fungua kila kimoja kwenye sura ya mwanga na kivuli. Kama mwandishi anatoa amri tu, bofya hapa, andika namba hii, kifunge. Kama anaeleza ni kwa nini picha ile ilihitaji hivyo, na nini kingetokea angezidisha, hicho ndicho. Tazama pia picha zake za “kabla”. Kitabu kizuri kinaanza na picha za kawaida zenye kasoro za kawaida. Kikianza na picha ambayo tayari ni nzuri, hutajifunza kuokoa yako. Vinne vilivyobaki vifungie kabatini.

Si lazima ufuate mpangilio wa sura. Anza na mwanga na kivuli, kisha mwelemeo wa rangi, kisha leya na maski, kisha usafishaji wa madoa. Sura za madoido, maandishi ya moto na fremu za maua, ziruke bila wasiwasi. Kunoa kuwe mwisho kabisa, baada ya kupunguza picha kufikia ukubwa itakaotumika, kwa sababu kiasi cha kunoa kinachofaa kwa bango hakifai kwa picha ndogo ya simu. Ukinoa mapema, kila marekebisho yatakayofuata yatazikuza zile kingo pamoja na chenga zake.

SWALI: Mwalimu wetu wa picha, kwenye kurasa nyingi natazama “kabla” na “baada” sioni tofauti yoyote. Je, macho yangu hayafai kwa kazi hii? – Mwenye mashaka

JIBU: Macho yako hayana hatia. Karatasi na wino haviwezi kubeba upana wa mwanga ulio kwenye skrini. Weupe wa ukurasa hauzidi weupe wa karatasi yenyewe, na rangi kali nyingi hupoa zikigeuzwa kuwa nukta za wino wa rangi nne. Juu ya hapo picha imepunguzwa hadi upana wa vidole vichache. Marekebisho ya pikseli chache kwenye kope hayawezi kuonekana hapo, hata kwa aliyeyafanya. Kama kitabu kina faili za mazoezi, zitumie, usihukumu kwa ukurasa.

Kwenye skrini, zima na kuwasha leya ya marekebisho mara kadhaa huku ukikaza macho sehemu moja tu, tuseme shavu. Mabadiliko yataruka mbele yako. Halafu punguza picha hadi iwe ndogo kama stempu na urudie, sasa ukiangalia mizani nzima ya mwanga. Hakikisha mwangaza wa skrini haubadiliki ovyo wakati unafanya kazi; zima ule utaratibu wa kujirekebisha wenyewe, pamoja na ule wa usiku unaotia skrini unjano. Nimeona wanafunzi wengi wenye macho makini wakijilaumu bure kwa sababu ya mipangilio hiyo miwili.

Tena tofauti ndogo si udhaifu wa kitabu. Mhariri mwenye adabu kwa sura ya mtu huishia mapema. Mwandishi anayethubutu kuonyesha “baada” ya kiasi, ngozi ikiwa bado na vinyweleo na mikunjo yake, anakufundisha jambo ambalo kitabu cha mabadiliko ya kushangaza hakikufundishi.

SWALI: Sina kompyuta, nina simu tu. Vitabu hivi vinanifaa? – Wa simu

JIBU: Vinakufaa. Programu ya simu kama Snapseed ina histogramu, mstari wa kupindwa, usawa wa weupe na brashi ya kung'arisha sehemu moja moja, kwa hiyo sura za mwanga na rangi unaweza kuzifanyia mazoezi kuanzia leo. Utakachokosa ni leya kamili. Lakini ukifungua orodha ya hatua ulizofanya kwenye picha, unaweza kuigusa hatua yoyote, kuibadilisha, au kuipaka kwa kidole sehemu unayoitaka tu na kuiacha picha nyingine kama ilivyo. Kitabu kinapozungumzia maski, fanyia hapo. Picha ya awali ihifadhi kando kabla hujaanza, na kama simu yako inaweza kupiga faili ghafi (RAW, yaani picha ambayo simu haijaibana wala kuichakata), zipige hizo kwa mazoezi: faili ya biti 12 ina ngazi 4,096 kwa kila mkondo pale faili ya kawaida ya JPEG inapokuwa na 256, na kwenye vivuli utauona utajiri huo mara tu utakapoinua mstari.