Muulize Mzee wa Porini: Bunduki ya nyati, nichague ipi?

Kamwene wasomaji wangu. Barua za mwezi huu ni nyingi, ila moja imenikalisha hapa barazani Kihesa jioni mbili nzima. Inahusu kazi niliyoifanya miaka 26 nikiwa askari wa wanyamapori, na nikijibu vibaya mtu anaweza kufa. Naanza nayo.

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 29, nyumbani Vwawa, ila naishi Mbeya mjini. Nimefuata nyayo misimu minne katika kambi ya uwindaji huko Rungwa, na sasa najiandaa na mtihani wa mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni kuwinda. Mjomba amekubali kunisaidia fedha za bunduki moja tu. Wenzangu kambini wanasema asiye na .458 si mwindaji. Wengine wanasema .375 inatosha. Nina kilo 63. Nishauri.

Marahaba mwanangu. Nunua .375, ile ya Holland & Holland. Sasa kaa nikueleze, maana wenzako watakucheka na ni vizuri uwe na la kuwajibu.

Namba hizo ni kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi. .375 ni kama milimita 9.5, .416 ni milimita 10.6, na .458 ni milimita 11.6. Kwa wanyama hatari kama nyati na tembo kanuni zetu zinaanzia .375, kwa hiyo mbele ya sheria uko salama. Risasi hiyo ilitoka London mwaka 1912 na mpaka leo haijastaafu. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 300, yaani gramu 19 na ushee, na kinatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Ile .416 ya Rigby, ya mwaka 1911, inasukuma gramu 26 kwa mita kama 730. Ile .458 ya Winchester ilikuja 1956. Ni gramu 32, mzito kweli, lakini mwendo wake ni mita 640 hivi.

Kwa karatasi, .416 na .458 zinaishinda .375. Sikatai. Dume la nyati lina kilo 600, 700, hata zaidi, na risasi nzito ikimkuta mahali pake humtikisa kuliko nyepesi. Lakini mwanangu, mahali pake ndipo penye kazi. Moyo na mapafu ya nyati viko chini, katikati ya miguu ya mbele. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ukifika theluthi ya kimo cha mwili, hapo. Ukipiga shibiri moja nyuma ya hapo umepiga tumbo, na tumbo halijali kama umetumia .375 au .458.

Nikusimulie la Septemba 1996, ng'ambo ya mto Kizigo. Nilikuwa nimepangwa kusindikiza mgeni mmoja aliyekuja na .458 mpya kabisa, kitako kinang'aa kama meza ya harusi. Kambini alipiga risasi tatu kwenye ubao, akashika bega, akasema imetosha. Siku ya tatu tukapata madume wanne kwenye miombo, hatua 50 hivi, upepo unatupiga usoni. Vijiti vikasimikwa, akaegemeza bunduki. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo upande wa kulia, nikauona uso wake. Alifumba macho kabla ya kufyatua. Bega lilikwishajua teke linalokuja, likaruka kabla ya risasi.

Nyati akapigwa tumboni, akaondoka. Tulimfuata kwa muda wa saa nne na nusu, mbung'o wakitula shingo, damu ikiwa matone yenye majani yaliyotafunwa ndani yake. Kisha nyayo zikapinda. Nyati alikuwa amezunguka, akarudi kusimama kwenye kichaka kando ya njia yake mwenyewe, akitusubiri. Alipotoka, mgeni alifyatua akakosa, akavuta nusu komeo, kile chuma cha kutoa ganda na kuingiza risasi mpya, akalisukuma, na ganda tupu likarudi ndani. Bunduki ya gharama kubwa ikawa rungu. Aliyetuokoa ni mwindaji bingwa wetu, Mgogo mwembamba kama wewe, mwenye .375 kuukuu iliyopauka mtutu. Alipiga ya kwanza chini ya pua, komeo likaenda na kurudi, akapiga ya pili. Nyati aliangukia hatua saba kutoka tulipo. Nilizihesabu mwenyewe, miguu ikitetemeka.

Ndiyo maana nakuuliza, utaweza kupiga risasi ya pili? .375 inapiga teke karibu mara mbili ya .30-06, bunduki ya kawaida ya wanyama wasio hatari. .458 ni kama mara tatu. Mtu wa kilo 63 anaweza kuizoea, nimewaona, lakini kwa risasi nyingi sana za mazoezi. Mwindaji bingwa kijana hana fedha ya kuchoma risasi nyingi za .458. Atapiga tano kwa mwaka, na kila moja itamfundisha woga. Kwa .375 utafanya mazoezi, na bega litasahau.

Liko jambo la pili ambalo wenzako hawajalitaja. Risasi ya .375 ni ndefu, milimita 91 ikiwa nzima, na ya .416 Rigby ni 95. Komeo lazima livutwe mpaka mwisho. Fanya hivi kila jioni: chukua risasi za mazoezi zisizo na baruti, simama, weka bunduki begani, vuta komeo kwa nguvu kama unayetaka kuling'oa, rudisha. Usiishushe begani. Mara 50 kila siku kwa miezi mitatu, na mkono utajua kazi yake hata kichwa kikichanganyikiwa. Unapoinunua, angalia komeo liwe la namna ya Mauser, lenye ukucha mpana unaolikamata ganda tangu linapotoka kwenye magazini. Brno za zamani na CZ 550 za Wacheki zinao, na ndizo nyingi utakazoziona porini kwetu. Peleka risasi ndani polepole, kisha haraka, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Ikikwama dukani hata mara moja, mrudishie mwenye duka.

Kitako kikutoshe. Funga macho, iweke begani, fungua. Jicho lako likiwa tayari limekutana na vilengeo, inakufaa. Ukilazimika kunyoosha shingo kama twiga, kipunguzwe kwa fundi. Darubini iwe ndogo, inayoanzia ukuzaji wa mara moja au moja na nusu, na ifungwe mbali na jicho. Nimewaona watu wenye alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi, wamekatwa na darubini zao wenyewe. Na iwe ya kufunguka upesi, maana ukiingia kichakani unamfuata mnyama mwenye jeraha unahitaji vilengeo vya chuma tu.

Kwa nyati, wengi huweka risasi ya kwanza laini, yaani inayotanuka ndani ya mwili, ya kisasa isiyopasuka vipande, na zinazofuata ngumu, zisizotanuka bali zinazopenya moja kwa moja. Kwa tembo ni ngumu tupu, tangu ya kwanza. Nyati akianguka, usishangilie. Ongeza nyingine. Sikiliza ule mlio wake mrefu wa mwisho, halafu mkaribie kwa nyuma, mguse jicho kwa ncha ya mtutu kabla hujaweka bunduki chini.

Hiyo .458 usiichukie. Zile za zamani zilikuwa na kasoro, baruti ilishindiliwa sana kwenye ganda fupi ikagandamana, na risasi ikatoka goigoi. Za siku hizi zimerekebishwa. Ukishafanya kazi miaka mitano, na una fedha yako, na kazi yako ni kusimama nyuma ya wageni na kuzuia yanayokuja, nunua .416 au .458. Wakati huo utakuwa unajua unachonunua. Mpe mjomba salamu zangu, mwambie amefanya jambo kubwa.

Babu, mimi ni mwanafunzi wa Makambako. Je, simba naye anahitaji bunduki kubwa hivyo, wakati ngozi yake ni laini?

Umeuliza vizuri, mjukuu wangu. Simba dume ana kilo 180 mpaka 200 na kitu, mifupa yake si ya nyati, na risasi ngumu inaweza kumpita kama sindano kwenye kitambaa asianguke. Kwake unatumia laini inayofunguka mapema. Lakini bunduki nashika ileile .375, kwa kuwa simba aliyejeruhiwa anakuja chini chini na kwa kasi ambayo haikupi nafasi ya kuchagua pa kumpiga. Bibi yangu alizaliwa upande wa Wanging'ombe, na alikuwa akitueleza habari za simba wala watu wa Njombe, walioanza miaka ya 1930 na wakakomeshwa mwaka 1947 hivi, wakati wa bwana nyama George Rushby. Anasema jua likiwa bado juu ya vilima milango ilishafungwa, na aliyebaki nje hakufunguliwa. Alipokuwa mtu mzima kabisa bado hakupenda kuchota maji jioni.

Mzee, nalima mahindi karibu na Tungamalenga. Tembo wamelala shambani kwangu mara tatu. Nina gobore la marehemu baba. Nikipata bunduki kubwa zaidi nitaruhusiwa kuwapiga?

Pole sana, ndugu yangu. Najua uchungu wa kuamka ukakuta msimu mzima umelazwa chini. Lakini hapana. Tembo ni mali ya serikali, na ukimpiga utaacha watoto wako bila mahindi na bila baba. Na gobore kwa tembo ni kumchokoza tu. Atakwenda na jeraha, na wiki ijayo atamkuta mama wa jirani yako akitafuta kuni. Hilo gobore lipeleke polisi, kwa sababu kibali cha silaha ni cha mtu aliyeandikwa na hakirithiwi. Shamba lizungushie kamba, zipake pilipili kali iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu, urudie kila mvua ikinyesha. Mizinga ya nyuki nayo inasaidia, ikining'inizwa kwenye waya upande wanakotokea. Uharibifu ukitokea, asubuhi ileile nenda ofisi ya kijiji, aitwe afisa wanyamapori wa wilaya aje apime kabla hujagusa bua hata moja. Bila tathmini yake hakuna kifuta jasho. Nyayo na mavi yao yaache yalivyo mpaka afike.