Likoma: dada, usikate tiketi ya kurudi kesho

Simamisha hayo malipo kwanza. Umeandika mnatoka Muheza wanakwaya 6 kwenda hija kisiwa cha Likoma, Ziwa Nyasa, mnauliza usafiri, malazi na kama kanisani wanaruhusu picha. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, unasema tiketi za basi la kurudi kutoka Mbeya mnakata kesho asubuhi. Hapo hapo ndipo nilipoumia mimi mwaka juzi, mwezi wa saba, nikiwa na mama yangu mzazi.

Aliyeniponza ni mtu mmoja aliyejiita wakala wa safari. Alinipa ratiba iliyochapwa, saa na dakika, akaniapia kuwa meli ya kisiwani ni ya uhakika kama daladala za Raskazone. Ziwa Nyasa lenyewe hajawahi kuliona! Pesa ya watu akala, na mpaka leo simu yangu hapokei. Meli hiyo hupita mara moja kwa wiki, na ikiharibika haipiti kabisa. Likoma ni ya Malawi lakini imekaa upande wa Msumbiji, ziwa zima liko kati yako na basi lako.

Tena kuna upepo wanauita mwera, ndugu yake kusi yetu. Ukivuma, lile ziwa ni bahari. Siku ya kurudi tulikaa ufukweni na mizigo tangu alfajiri, maana meli hutia nanga mbali na abiria hufuatwa kwa boti ndogo. Haikuja. Kesho yake haikuja. Siku ya nne tiketi za Mbeya zilikuwa zimeshakufa na bosi wangu anapiga simu, nikampandisha mama boti la mbao. Saa nzima tulikomba maji kwa ndoo. Mama alinishika mkono bila kusema neno, na tangu siku ile hapandi hata kivuko cha Pangani. Askofu Chauncy Maples alizama kwenye ziwa hilo hilo mwaka 1895 akirudi Likoma. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya safari, na bado nikapanda.

Kanisa lenyewe nendeni mkalione. Ni UMCA, wamisionari wa Kianglikana, wale wale wa Magila hapo kwenu Muheza, walianza kulijenga mwaka 1903, kisiwa kidogo na kanisa kubwa ajabu. Mle kuna msalaba uliochongwa kwa mti ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone kule Chitambo, Zambia. Mwili ndio uliopita Bagamoyo mwaka 1874. Mama aliulilia ule msalaba.

Kwa hiyo ya kwenda kateni: Mbeya, Kasumulu mpakani, Mzuzu, hadi bandari ya Nkhata Bay mnakopandia meli. Ya kurudi mtakata mkishakanyaga tena Nkhata Bay, si kabla, na kila mmoja aombe ruhusa ya wiki mbili kazini. Mwenye lazima ya kuwa ofisini Jumatatu abaki Muheza safari hii. Nijibu usiku huu, dada, nijue hamjalipa.