Maswali ya Wasomaji: Je, Imani Yote Inasimama Juu ya Jina Moja?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Ninaongoza kikundi cha vijana cha kujifunza Biblia. Katika Marko 2:26 Yesu anasema Daudi alikula mikate ya wonyesho zamani za kuhani mkuu Abiathari. Nikifungua 1 Samweli 21 namkuta Ahimeleki, baba yake Abiathari. Nilipomuuliza mchungaji wangu alisema Biblia ikiwa na kosa moja tu, hata ufufuo hauaminiki, na akanionya nikae kimya nisiwakwaze wenzangu. Tangu hapo sina amani. Je, ni kweli?

JIBU: Asifiwe milele, mwanangu. Si kweli, na swali lako si uasi. Mathayo na Luka wanasimulia kisa hichohicho, na wote wawili hawamtaji Abiathari. Wapo wanaosema Marko alimtaja kwa kuwa ndiye kuhani aliyevuma enzi za Daudi. Wengine husema anaelekeza kwenye sehemu ya kitabu cha Samweli inayomhusu kuhani huyo. Wengine wanakubali kwamba majina yamechanganyika. Mimi naegemea jibu la kwanza, ila siwezi kukuambia kwamba linamaliza mjadala.

Kinachoniumiza ni lile sharti ulilowekewa: kosa moja, na ufufuo umekwenda. Kijana akibebeshwa sharti hilo, kila sura anayoisoma inakuwa mtego.

Sharti hilo halikubaliwi hata na B. B. Warfield wa Princeton, Marekani, mtetezi mkubwa wa fundisho kwamba Biblia haina makosa. Mwaka 1881 yeye na mwanateolojia mwenzake A. A. Hodge waliandika kwamba Maandiko, kama yalivyotoka mikononi mwa waandishi wenyewe, hayakuwa na kosa, na kwamba kosa likithibitishwa fundisho lao la uvuvio, yaani kwamba Mungu ndiye aliyewaongoza waandishi, linavunjika. Lakini mwaka 1893 Warfield huyohuyo aliandika kwamba hata kusingekuwapo uvuvio, Ukristo ungebaki kuwa kweli, maana habari za Bwana zimetufikia kupitia mashahidi wa kuaminika. Kwake, tunaanza kwa kuwaamini mitume kama mashahidi wa Kristo, na kwa kuwa tumewaamini, tunapokea pia wanachofundisha kuhusu Maandiko. Mchungaji wako ameanzia mwisho.

Sasa mweke kando yake mwanateolojia James Orr wa Scotland, mtu wa kiinjili kabisa, ambaye hakukubaliana na Warfield kuhusu kutokuwa na makosa katika kila jambo dogo. Mwaka 1910 Orr aliandika kwamba kuifanya imani yote itegemee uthibitisho wa kila jambo dogo ni mtetezi wa imani kujiua mwenyewe. Na bado wote wawili waliandika katika The Fundamentals, vile vijitabu vya 1910 hadi 1915 vilivyotetea imani ya kale. Hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Ukali ulizidi baadaye. Seminari ya Fuller, chuo cha teolojia kilichoanzishwa California, Marekani, mwaka 1947, ilibadilisha tamko lake la imani mwaka 1972 ili liwape nafasi walimu wasiodai kwamba Biblia haina kosa katika kila jambo la historia. Harold Lindsell, aliyekuwa mmoja wa walimu wake wa mwanzo, alijibu mwaka 1976 kwa kitabu The Battle for the Bible: anayeachia hapa ataachia yote. Hofu yake naielewa, maana kuna waliopita njia hiyo wakaishia kuukana ufufuo. Lakini katika kupatanisha Injili nne, Lindsell alikubali kwamba huenda Petro alimkana Yesu mara sita. Sita! Yesu alisema tatu, na Injili zote nne zinasema tatu. Tukifika hapo, tunayemlinda si Marko wala Yohana, bali nadharia yetu.

Tamko la Chicago la 1978, la viongozi wa kiinjili waliotetea kwamba Biblia haina makosa, ambalo watu hulinukuu bila kulisoma, lina busara zaidi. Kipengele cha 13 kinakataa kuyahesabu kama makosa mambo kama namba za jumla, kunukuu kwa uhuru, na masimulizi yanayopangwa kwa mada. Mwandishi apimwe kwa alichokusudia kusema.

Kwa hiyo usinyamaze. Rudi kwa mchungaji faraghani, kwa heshima, ukiwa na tamko hilo mkononi, umwombe mlisome pamoja. Na kikundi chako kisome 1 Wakorintho 15:3–8, kione Paulo anaweka ufufuo juu ya nini: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano, Yakobo. Anataja mashahidi waliomwona Bwana.

SWALI: Mwalimu, anayesema Biblia ni neno la Mungu lakini hakubali kwamba haina makosa katika historia, ameokoka kweli?

JIBU: Tunaokolewa kwa neema, kwa kumwamini Kristo. Tamko la Chicago lenyewe, katika kipengele cha 19, linasema kukiri fundisho hilo si lazima kwa wokovu, ingawa linaonya kwamba kulikataa kuna madhara makubwa kwa mtu na kwa kanisa. Mfundisheni, mjadiliane naye, na msimnyime meza ya Bwana kwa sababu hiyo.